TUSIBAKI WABONYEZAJI WA VITUFE

Upo ugonjwa unaoenea shuleni na maofisini mwetu. Mtu akijua kubonyeza vitufe na kuchapa barua, tunampa cheti na kumwita mtaalamu wa kompyuta. Huo ni utarishi wa mashine za wengine.

Mkulima wa Kimatengo angetucheka. Toka Liparamba, panda milima ya Mbinga ukaone ngoro: majani hufyekwa, hupangwa kwa miraba, kisha hufukiwa kwa udongo unaochimbwa katikati. Shimo hushika maji, mteremko haumomonyoki. Mkulima huyo ajua sababu ya kila shimo, kwa kuwa alianzia chini.

Kompyuta nayo ina chini yake: mfumo endeshi, yaani programu inayogawa kumbukumbu, kupanga zamu za kazi na kutunza majalada. Mwanafunzi aweza kuanza na baiti 512 tu, sehemu ya kwanza ya diski ambayo mashine za mtindo wa zamani huisoma zinapowashwa, akaijaribu ndani ya kompyuta ya kuigiza bila kuharibu chochote. Profesa Andrew Tanenbaum alitoa Minix mwaka 1987 kwa ajili ya kufundishia. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye umri wa miaka 21, aliyejifunza kwa Minix hiyo, akaanzisha Linux.

Sisi mwaka 1974 tulipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mlango ulipofunguliwa tuliingia kama wateja. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Ilikuwa hatua ya kupongezwa, lakini ilipaka rangi ukuta. Msingi ukabaki wa wengine.

Wapo watakaouliza: ya nini kutengeneza kilichokwisha tengenezwa? Hiyo ni kasumba. Mwanafunzi wa baiolojia hupasua chura ili auelewe uhai, wala hakuna amwulizaye atauza vyura wangapi.

Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, hakukusudia vijana wa kumngoja fundi kutoka ng'ambo. Ndugu walimu, zifungueni mashine chakavu mbele ya wanafunzi. Ndugu wakuu wa idara, msiziache zikioza stoo. Kijana wa Liparamba ana haki ya kujua kinachotendeka ndani ya mashine tangu nukta ile inapowashwa. Asiyejua hayo atatawaliwa na ajuaye.