"Angekuwa Anaumwa, Angelia"

Kauli hii inawaharibia watoto nyuso, nasi tunaitoa kwa nia njema kabisa. Mama anaisikia kwa bibi, kwa jirani, na wakati mwingine kwa aliyevaa koti jeupe. Mtoto hajalia, basi ni mzima. Kwa mtoto mwenye baridi yabisi huu ni uongo, na taya ndilo linaloulipia.

Ndiyo, watoto wanaugua baridi yabisi. Daktari George Frederic Still wa London aliandika habari zao mwaka 1897, na bado tunaambiana kwamba ni maradhi ya wazee. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 16, akivimba kiungo kwa wiki 6 au zaidi bila chanzo kingine kuonekana, anahitaji tiba. Asiambiwe "anakua tu". Kukua hakuvimbishi goti.

Goti angalau linaonekana. Kiungo cha taya kimejificha mbele ya sikio, na mara nyingi kinaugua bila kuuma wala kuvimba kwa nje. Mtoto anajizoesha. Anaacha muhindi wa kuchoma, anachovya mkate kwenye chai mpaka ulainike, anatafuna upande mmoja, wenzake wanaondoka mkekani yeye bado ana tonge mkononi. Sisi tunasema anadeka. Wapo wanaochapwa kwa hilo, na inaniuma kuliandika. Mtoto wa miaka 4 atalalamikaje, wakati hajui kwamba kuna namna nyingine ya kutafuna?

Mifupa ya mguu hurefuka kwenye sehemu iliyo kando kidogo ya uso wa kiungo. Taya la chini halina nafasi hiyo: gegedu linalolikuza liko juu kabisa ya kichwa chake, ndani ya kiungo chenyewe, na ugonjwa ukiingia humo unaligusa moja kwa moja. Upande mmoja ukidumaa, kidevu hupinda kuelekea upande huo. Zikidumaa pande zote mbili, kidevu hurudi nyuma na meno ya mbele huacha kukutana. Hapo ndipo familia inaanza kusikia habari za upasuaji.

Najua nitajibiwa kwamba vipimo ni ghali na wataalamu wa baridi yabisi ya watoto ni wachache mno. Ni kweli. MRI ndiyo inayoonyesha ugonjwa mapema. Eksirei ya kawaida husubiri mpaka mfupa uliwe. Lakini kumwambia mtoto afungue mdomo kunagharimu nini? Afungue polepole, mtazame kidevu: kinashuka wima au kinakimbilia pembeni? Vidole vyake mwenyewe vitatu, kimoja juu ya kingine, vinaingia kati ya meno ya mbele? Daktari apime kwa rula, aandike kwenye kadi, alinganishe kila kliniki. Asitulizwe na majibu ya damu, kwa maana yanaweza kuwa safi huku taya likiendelea kuharibika. Wala mzazi asiridhike na dawa za maumivu peke yake. Ziko dawa, methotreksati ikiwamo, zinazoutuliza ugonjwa wenyewe, na daktari ndiye wa kuzipanga.

Kliniki inayotibu goti la mtoto na kumrudisha nyumbani bila kumtazama akifungua mdomo haijamaliza kumpima, hata kama kadi yake imeandikwa "hana malalamiko".