Jasho Bila Ardhi Halijamtajirisha Mtu

Imekita katika miji yetu hii iliyouzunguka Mlima Kenya, tangu Karatina hata Nanyuki na kuendelea mpaka Meru, itikadi moja ambayo watu hupokezana bila ya yeyote kuuliza ilitoka wapi, nayo ni kwamba taifa la Marekani lilitajirika kwa jasho la mikono na kwa kumcha Mungu, pasipo kumdhulumu mtu wala kutamalaki nchi ya mwenziwe. Nilikuwa nimekwisha kuizoea, mpaka hivi majuzi mhubiri mmoja aliyekwenda ng'ambo akarudi alipoipandisha mimbarini hapa Nyeri, akawaelekea vijana waliokaa safu za nyuma, akawaambia kwamba umaskini wao ni matunda ya uvivu, kwani Mmarekani naye alianza bila kitu. Kisha akahitimisha kwa methali ya pwani, mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na jamaa wote wakaitikia amina.

Mimi sikuitikia. Methali hiyo ni ya haki huko ilikozaliwa, maana upwa hauna mwenyewe: maji yakipwa, tajiri na fakiri hushuka pamoja, kila mmoja akaokota alichojaaliwa kwa kadiri ya juhudi yake. Lakini upwa ukizungushiwa seng'enge, na langoni akasimamishwa askari mwenye bunduki, huyo mgaagaji atagaagaa wapi?

Nasema, na nitakariri hata msomaji achoke, kwamba jasho bila ardhi halijamtajirisha mtu. Lau jasho ndilo utajiri, basi matajiri wakubwa wa Marekani mwaka 1865 wangalikuwa ni watumwa, ambao wao na wazee wao walikuwa wamelimwaga kwa muda wa yapata miaka 250 katika mashamba ya pamba na tumbaku. Vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe vilipokaribia kwisha, Jenerali Sherman alitoa amri mwezi wa Januari mwaka huo kwamba sehemu ya pwani ya Carolina Kusini, Georgia na Florida igawiwe waliokuwa watumwa, kila aila isizidi ekari 40. Wakaingia, wakalima, wakapanda. Kabla ya mwaka kwisha Rais Andrew Johnson akaamuru ardhi ile warudishiwe wale wale waliokuwa wameasi dola. Kisha jimbo la Mississippi likatunga sheria ya kumlazimisha mtu mweusi kuonyesha kila Januari hati ya kuthibitisha kwamba anayo kazi, na asiyekuwa nayo akamatwe kwa uzururaji, atozwe faini, na akishindwa kulipa akodishwe kwa bwana. Msomaji wa Mathira au Tetu ahitaji kuelezwa zaidi? Babu yake alivishwa kipande shingoni baada ya Vita Kuu ya kwanza, na kwa sheria ya mwaka 1918 maskwota katika shamba la mlowezi walitakiwa wamfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ndipo waruhusiwe kukaa. Hao nao, ewe mhubiri, walikuwa wavivu?

Na huyo Mmarekani aliyeanza bila kitu ni yupi? Mwaka 1862 serikali yake ilipitisha sheria ya kumpa mtu ekari 160 kwa ada ndogo, mradi akae juu yake miaka mitano na kuilima, na makampuni ya reli yakapewa zaidi ya ekari milioni 100 zilizokuwa maskani ya wenyeji wa asili. Na wenyeji hao, kwa sheria ya mwaka 1887, wakakatiwa vipande vipande ardhi iliyokuwa yao kwa umoja, na kilichosalia kikauziwa wageni. Mtu akipewa ekari 160 kisha akatoka jasho, jasho hilo lina faida, nami simnyimi sifa yake. Lakini asije akatuambia kwamba alianza mikono mitupu. Hata mlowezi aliyepewa shamba huko Nanyuki baada ya Vita Kuu ya kwanza, katika nchi ambayo sheria ya mwaka 1915 ilikwisha kuruhusu mzungu kumilikishwa kwa muda wa miaka 999, aliamka alfajiri na kufanya kazi. Sijapata kusikia mtu akimhesabu kuwa mfano wa aliyejianzia kutoka patupu.

Fauka ya hayo, mawaidha haya ya jasho yana nasaba yake, na nasaba hiyo imepita hapa hapa kwetu. Mwaka 1868 ilifunguliwa skuli ya Hampton, katika jimbo la Virginia, kuwafundisha watu weusi kazi za mikono, na mwaka 1881 Booker T. Washington, mwanafunzi wake, akaanza Tuskegee huko Alabama, akawanasihi wenziwe wasishughulike na siasa kwanza, bali washike jembe na randa, na heshima itawafuata. Matajiri wa viwanda waliyapenda mno maneno hayo, akiwamo Andrew Carnegie, mwenye viwanda vya chuma, ambaye mwaka 1892 wafanyakazi wake wa Homestead, Pennsylvania, walipogoma kwa kupunguziwa ujira, waliletewa mamia ya walinzi wenye silaha kwa mashua usiku, damu ikamwagika. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilifika Kenya kutazama elimu yetu, na mwaka uliofuata ikafunguliwa Kabete skuli ya Jeanes, kwa msaada wa fedha zilizotoka katika mali ya huyo huyo Carnegie, ili Mwafrika afundishwe ufundi, siha na ukulima bora, yote yakiwa mambo mema, ila moja halikuwamo katika mafundisho: ni nani aliyeichukua ardhi ambayo ukulima huo bora ungefanyika juu yake.

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Walipeleka watoto wakajifunze, kisha wakaunda skuli zao wenyewe. Mbiyu Koinange alikwenda Hampton yenyewe mwaka 1927, akapita Ohio Wesleyan na Columbia, na aliporudi hakuja kuhubiri jembe. Aliongoza chuo cha walimu cha Githunguri kilichoanzishwa mwaka 1939 kwa michango ya fukara, na serikali ya mkoloni ikakifunga mwaka 1952, kisha pale pale ikasimamisha kitanzi cha kunyongea watu. Mkoloni alijua alichokiogopa, wala hakikuwa uvivu.

Sasa nije kwenye ile hujja ambayo mhubiri aliitoa kwa tabasamu kubwa, kwamba Marekani haikuwa na makoloni kamwe, na iwapo ilikuwa nayo, basi iliwapelekea watu wake walimu na barabara. Barabara! Kwani Mwingereza hakutuachia barabara hapa Nyeri? Tena tuliichimba sisi, yeye akasimamia kivulini. Marekani ilimpindua Malkia Liliuokalani wa Hawaii mwaka 1893 kwa mkono wa wakulima wa miwa wakisaidiwa na askari wake wa baharini, na miaka mitano baadaye ikaichukua nchi nzima. Mwaka huo wa 1898 ikampiga Mhispania, ikatwaa Puerto Rico na Guam, na ikainunua Ufilipino kwa dola milioni 20 kama mtu anunuaye kundi la ng'ombe, wenyewe Wafilipino wasiulizwe. Waliposhika silaha kupigania uhuru, Jenerali Franklin Bell aliwakusanya raia wa Batangas katika maeneo ya ulinzi, na vilivyobaki nje vikachomwa. Yeyote katika kaunti hii aliyesimuliwa na mamaye habari za mwaka 1954, watu walipohamishwa kwa nguvu wakatiwa katika vijiji vya Hali ya Hatari vyenye handaki na miti iliyochongwa ncha, atajua bila ya kufunguliwa kitabu namna Batangas ilivyokuwa.

Gavana wa Marekani huko Manila alikuwa William Howard Taft, ambaye mwaka 1909 alikuja kuwa rais. Na mwaka huo huo mtangulizi wake, Theodore Roosevelt, alifika Nyeri kwetu na kuwinda ndovu kwenye miteremko ya mlima, gharama nyingine za msafara wake zikichangwa na Carnegie, tunayemjua tayari. Katika kitabu chake alizisifu nyanda hizi kuwa nchi ya kufaa makazi ya wazungu. Babu zetu waliokuwa wakikaa humo hawakuombwa rai.

Na kwa kuwa nimekwisha kuudhika, acheni niseme na la kahawa. Zao hili Mwafrika alizuiliwa kulipanda mpaka miaka ya 1930, waliporuhusiwa wachache wa Meru, Embu na Kisii, kwa kisingizio kwamba hatalitunza. Leo tunalipanda, na chama kimoja cha ushirika ninachokipelekea kahawa yangu hukaa na fedha zangu hata mbuni huchanua tena, ilhali katibu wake hubadilisha gari. Wala siwasahau jamaa zetu walioko Dallas na Boston, watutumiao picha za magari ya mkopo na kutuambia tuamke mapema. Mama muuza viazi wa soko la Karatina huamka saa tisa za usiku. Mwambieni aamke saa ngapi.

Naam, vijana wafanye kazi. Hakuna mtu mwenye akili aliyesema wasifanye. Lakini kijana aliyerithi robo ekari ya mteremko huko Othaya, yeye na ndugu zake wanne, ilhali kutoka kilimani kwao aona mashamba ya Kieni yasiyomalizika kwa macho, ana haki ya kuuliza suala la ardhi kabla ya kupimwa juhudi. Basi atakayetaka kuifundisha mimbarini tarikhi ya Marekani katika kaunti hii, na aanze na hati ya shamba: ilitolewa na nani, ikapewa nani, na aliyekuwapo kabla yake alipelekwa wapi. Akiwa hana habari ya hayo, na asome sala, atoe baraka, atuache twende zetu shambani, sisi tulio nalo.