Taima si akili: maoni yangu kuhusu barafu kwenye pampu ya joto

Najua nimepotea karibu mwezi mzima, na wengine mtakuwa mmeshadhani nimechoka kublogu. La hasha. Nimekuwa nikipigana na barafu. Si ile ya barabarani, hiyo nimeizoea tangu nihamie Göteborg kwa kazi. Ni barafu iliyoota kwenye mashine inayotupatia joto nyumbani. Leo nataka kulalamika, kwa sababu naona sehemu kubwa ya lawama ni ya watu wa kazi yangu, waandishi wa programu.

Kwanza, kwa mlio nyumbani Kenya: pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa. Friji huchota joto kutoka ndani yake na kulimwaga nyuma, ndiyo maana mgongo wake huwa moto. Pampu ya joto huchota joto kutoka hewa ya nje na kulimwaga sebuleni. Hewa ya digrii sifuri bado ina joto. Kinachotakiwa tu ni gesi iliyo ndani ya mabomba iwe baridi kuliko hiyo hewa. Hali ikiwa nzuri, uniti moja ya stima hukupa uniti tatu hivi za joto, ilhali hita ya waya hukupa moja basi.

Sasa, kwa kuwa mabomba ya nje ni baridi kuliko hewa, unyevu huganda juu ya mapezi yake ya alumini. Ni sakitu ileile inayochoma chai Kericho. Na usidhani kwamba baridi ikizidi ndipo barafu inazidi. Kule Kiruna, kaskazini kabisa mwa Uswidi, digrii 25 chini ya sifuri, hewa ina unyevu kidogo sana. Siku mbaya ni zile zetu za huku pwani: digrii 1 au 2 juu ya sifuri, manyunyu na ukungu kutwa nzima.

Mapezi yakiziba, hewa haipiti na joto linapungua. Kwa hiyo mashine hujiyeyusha yenyewe. Vali hugeuza mzunguko, feni ya nje husimama, na gesi moto hupelekwa nje kwa dakika chache. Mvuke hufuka kama sufuria ya githeri (shemeji yangu alipotutembelea alipiga kelele kwamba nyumba inaungua). Lakini joto hilo halitoki mbinguni, linachotwa ndani ya nyumba yako. Kuyeyusha kilo moja ya barafu hula joto sawa na la kupasha kilo moja ya maji kutoka digrii 0 hadi 80. Ukiyeyusha bila sababu, unatupa pesa. Ukichelewa kuyeyusha, unatupa pesa vilevile.

Swali basi ni hili: mashine inajuaje kwamba wakati umefika?

Zilizo bora hupima. Zinalinganisha joto la mabomba na joto la hewa, na pengo likipanuka zinajua mapezi yameziba. Nyingine, hasa za zamani, hutazama saa. Bodi zake zina kipini cha kuchagua dakika 30, 60 au 90. Muda ukifika na mabomba yakiwa baridi vya kutosha, inayeyusha, pawe na barafu pasiwe na barafu.

Yangu ni ya kundi la pili. Nilijua hivyo baada ya kufunga vitambuzi viwili vya bei rahisi na Raspberry Pi, nikarekodi kila dakika kwa siku tisa. Usiku mmoja mkavu wa digrii 9 chini ya sifuri, mashine ilijiyeyusha kila saa na hapakuwa na kitu cha kuyeyusha. Binti yangu akaamka akisema kipaza joto kinampulizia baridi. Siku mbili baadaye, manyunyu yakinyesha, mapezi yaliziba yakawa meupe pe kwa dakika arobaini, na mashine bado inasubiri saa yake ifike!

Mimi nikiandika programu inayotuma ripoti kila saa hata kama hakuna kilichobadilika, mkubwa wangu ataniuliza nilisomea wapi. Kwa nini basi tunakubali hivyo kwenye kitu kinacholinda watoto wetu na baridi?

Najua jibu la mafundi: taima haiharibiki, kitambuzi huharibika. Ni kweli, siwabishii. Lakini hilo si jambo geni. Tumia kitambuzi kwanza, kikifa rudi kwenye taima na umwambie mwenye nyumba. Hayo ni mambo ya kawaida kwa yeyote aliyewahi kuandika programu ya kazi ya kweli.

Lakini niwe mkweli, si yote ni ya programu. Asubuhi moja nilisikia feni ikigonga tra-tra-tra. Barafu ilikuwa imepanda kutoka chini mpaka ikafikia mapanga yake. Hapo taima haina kosa. Aliyeifunga mashine aliiweka shubiri moja tu kutoka ardhini, chini ya ukingo wa paa usio na mfereji. Maji yaliyoyeyuka hayakuwa na pa kwenda, yakaganda palepale, kila saa yakiongezeka. Fundi tuliyemwita alitazama akasema, “Ni majira ya baridi, kawaida.” Hapana bwana! Anayepanga kuyeyusha barafu lazima apange pia maji yaende wapi.

Nilizima stima, nikashika bisibisi, nikainua mkono. Ndipo nikakumbuka friji ya mama, Nakuru, nikiwa darasa la sita. Niliichokora barafu kwa kisu cha jikoni, ikalia pssss, na tangu siku hiyo friji ile ikawa kabati la unga. Mabomba ya mashine yangu yana gesi vilevile. Nikaweka bisibisi chini, nikamwaga maji ya vuguvugu ndoo baada ya ndoo. Mashine ilipona. Ua likawa uwanja wa kuteleza.

Kwa walio ughaibuni, niliyojifunza ni haya:

1. Sakitu nyembamba ni kawaida. Barafu isiyoondoka hata baada ya mashine kujiyeyusha si kawaida. Huenda gesi imepungua au vali imekwama, mwite fundi.
2. Zima stima kabla ya kugusa chochote. Usichokore, usimwage maji yanayochemka, na usitie chumvi, kwani hula chuma.
3. Inua mashine juu ya kimo cha theluji ya kwenu, weka kokoto chini yake, na uhakikishe paa haliidondoshei maji.
4. Sahani ya chini ikiwa inaziba kila mara, uliza kuhusu waya wa kupasha.

Na kwa watengenezaji: tuonyesheni. Mashine yangu ina namba ya siri ya fundi, nami niliyeilipia siruhusiwi hata kujua imejiyeyusha mara ngapi jana. Ilinibidi niifanyie upelelezi kwenye ua langu mwenyewe. Andikeni tu kila mara inapoyeyusha, saa ngapi na kwa nini. Mistari miwili ya maandishi. Mtu akiona sababu, atajua kama tatizo ni gesi, ni maji au ni programu yenu.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mashine sasa imekaa juu ya stendi, mfereji wa paa umewekwa, binti analala. Taima bado ni ileile, na usiku huu mkavu naisikia ikiyeyusha hewa tupu.