Umeme Unapita Juu ya Vichwa Vyetu

Wandugu wanafunzi, kila asubuhi sisi makapita tunaandika majina ya wenye kuchelewa. Mengi ni ya wasichana. Tuliwauliza: juu ya nini? Jibu ni lile lile: kutafuta makala, kuwasha mbabula, kupikia wadogo chai.

Lakini inchi yetu haikosi nguvu. Inga ya kwanza ilianza mwaka 1972, ya pili 1982. Waya ikavutwa karibu kilometa 1.700 mpaka Kolwezi, juu ya kazi ya shaba. Inapita juu ya vijiji; umeme wa namna ile haushushwi njiani bila mtambo wa bei kali. Chini yake mama anapika na kuni.

Sheria ya 2014 iliruhusu kampuni za watu binafsi kuuza umeme. Ni vizuri, lakini muuzaji anatafuta kwanza mnunuzi mkubwa: mgodi, hapana jiko la mama.

Sisi tunaona hivi: serikali isitoe ruhusa ya mtambo mpya bila sharti la kuwashia nyumba za karibu. Nasi wavulana, tusingojee Inga. Kesho tuwashe mbabula sisi wenyewe, ndipo tutaandika majina kwa haki.