Mkoko Ukikatwa Hauchipui



Kila itangazwapo siku ya kupanda mikoko, watu wetu hujitokeza kwa wingi, akina mama wakitangulia, na mbegu huchomekwa topeni kwa mamia. Hilo ni jema. Lakini tumefundishwa kupanda, hatukufundishwa kukata, na kwa maoni yetu msitu wetu unaumia hapo zaidi.

Wazee waliokwenda mikokoni kwa majahazi walikuwa na elimu yao. Miti waliipa majina kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Nyumba za mawe za Lamu zingali shahidi, kwani upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Tena walitofautisha mti na mti. Mchu ukikatwa, kisiki chake huchipua. Mkoko wenyewe, ukishakomaa kisha ukakatwa chini ya matawi yenye majani, hufa moja kwa moja. Basi aukataye mkoko hana budi kuacha miti mama, mikubwa na iliyonyooka, idondoshe mbegu papo hapo. Siku hizi mambo yamepinduka: boriti iliyonyooka ndiyo yenye soko, hukatwa yote, na inayobaki kuzaa ni ile iliyopinda ambayo hata fundi hainunui.

Hatusemi mkataji aache kazi. Ana watoto wa kulisha. Twasema akate kwa kibali na kwa kuchagua. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, na kuiuza ng'ambo kulipigwa marufuku mwaka 1982. Sheria ya misitu ya 2016 nayo yawapa wanakijiji haki ya kuunda chama na kutia saini mapatano na Shirika la Huduma za Misitu ili washiriki kuutunza msitu na kunufaika nao. Haki hii wengi wetu hatuijui, na mali ya umma isiyojulikana mwenyewe huliwa na mwenye shoka.

Huko Kwale, watu wa Gazi na Makongeni walijipanga. Chini ya mradi wa Mikoko Pamoja wanatunza hekta 117, na tangu 2013 mradi umeidhinishwa kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo. Fedha zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule, na miti ingali imesimama.

Tukirudi kwenye kupanda: mbele kabisa, panapopigwa na mawimbi, ni pahali pa mlilana, mkoko huja nyuma yake, kisha mkandaa. Tukichomeka mkoko kwenye tope tupu la mbele kwa kuwa mbegu yake ni ndefu na rahisi kushika, bahari huichukua kabla ya mwaka kwisha. Kabla ya siku hiyo kuitishwa, kamati imwendee mzee aliyekata boriti ujanani mwake, imwulize: hapa zamani palisimama mti gani?