Mazungumzo na Bibi Shamba: Mkono wa Pili wa Sweta



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kukausha mahindi na kuyahifadhi. Mwezi huu tutaacha mahindi kidogo. Tutazungumza juu ya kufuma masweta.

Usishangae. Mimi ni Bibi Shamba, lakini hapa kwetu Njombe mkulima hawezi kuisahau baridi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni, Julai na Agosti baridi huwa kali. Kule Makete asubuhi nyingine umande huganda, majani yakawa meupe kama yamenyunyiziwa chumvi. Mtoto asiye na sweta hufika shuleni akitetemeka. Mkono unaotetemeka haushiki kalamu vizuri.

Kwa hiyo akina mama wengi hapa hufuma. Wanafuma kwa ajili ya nyumba zao, na wanafuma kwa ajili ya kuuza. Kuanza sweta wanajua. Tatizo letu liko kwenye kumaliza. Nasema "letu" kwa sababu na mimi nimo.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja, mwezi wa Machi, nilianza sweta la mama mkwe wangu. Nilifuma mgongo, nikafuma kifua, nikafuma mkono mmoja. Halafu binti wa jirani alijifungua. Nikaanza kofia na sweta la mtoto mchanga. Halafu mwanangu akasema sweta lake la shule limembana. Nikaanza jingine. Halafu mwalimu mmoja akaniletea uzi wa fulana isiyo na mikono, na fedha ya kazi mkononi. Nani hukataa fedha? Nikaanza hiyo pia.

Nilikuwa na kazi nne, na jozi moja tu ya sindano namba 8. Kila nilipotaka kufanya kazi nyingine, nilichomoa sindano kwenye mkono wa sweta la mama, nikavipitisha vitanzi kwenye uzi, nikaziweka kando. Julai ikafika. Mama mkwe alikaa jikoni karibu na moto, kajifunga blanketi kuukuu. Kila nilipokwenda kumsalimu aliniuliza, "Mwanangu, mkono wa pili umefika wapi?" Nami nilijibu, "Uko njiani, mama."

Mwishoni mwa Agosti nikaushika ule mkono tena. Sindano namba 8 zilikuwa kwenye fulana ya mwalimu. Nikachukua jozi nyingine ndani ya kopo. Nilidhani ni sawa, kumbe zilikuwa namba 7. Nilihesabu mistari: mkono wa kwanza 120, mkono wa pili 120. Nikashona usiku kwa taa ndogo ya sola. Asubuhi nikaona mkono mmoja umezidi mwingine kwa sentimita tatu. Badala ya kufumua, nikachukua pasi ya mkaa ili kuyaficha makosa. Pindo la kiunoni lililokuwa linavutika likalala kama karatasi. Halikuvutika tena.

Mama alilipata sweta lake Septemba, baridi ikiwa inakwisha. Alilivaa, akaitazama mikono yote miwili, akacheka. Alisema, "Huu wa pili ulichelewa njiani, ndiyo maana umekua."

Makosa kama hayo yanaweza pia kuleta hasara ya fedha. Kikundi kimoja cha akina mama kumi kilipata kazi ya masweta 20 ya shule. Yalitakiwa shule zinapofunguliwa Januari. Walikopa fedha za uzi katika kikundi chao cha kuweka na kukopa. Sweta moja la mtoto wa miaka minane hula kama gramu 250 za uzi. Kwa hiyo walinunua kilo tano. Kila mama alianzisha masweta mawili kwa pamoja, ili yaende haraka. Desemba mvua zikawa nzuri, palizi ikawadia, na mbolea ya kukuzia ikawa inangojwa shambani. Siku ya kufungua shule masweta 20 yalikuwa yameanzwa, na sita tu yalikuwa yamekwisha. Katika hayo sita, mawili yalirudishwa, kwa sababu shingo haikupita kichwani. Wazazi walikwenda kununua mitumba. Deni la uzi lilibaki palepale.

Sweta lisilokwisha halileti hata shilingi moja, lakini fedha ya uzi wake imekwisha kutoka. Ni kama kulima ekari nne na kupalilia moja.

JE, UFUME NGAPI KWA WAKATI MMOJA?

Wako watu husema ufume kazi moja tu mpaka iishe. Mimi sikubaliani nao. Saa za mama wa shambani hazifanani. Usiku mikono yako inaweza kufuma mgongo wa sweta bila kuutazama sana. Ukiwa kliniki au kwenye mkutano wa kijiji, huwezi kubeba sweta zima, lakini kofia inaingia mfukoni. Na iko kazi inayotaka mwanga wa jua na mikono safi, nayo ni kushona na kumalizia. Uzi wa bluu iliyoiva au mweusi usiushone usiku. Hutaviona vitanzi.

Basi, uwe na kazi tatu: moja kubwa ya nyumbani, moja ndogo ya kubeba, na moja iliyofika kwenye kushonwa. Usianze ya nne mpaka moja itoke. Mtu akikuletea uzi na fedha, mwambie siku utakayoanza. Kama ni Desemba, mwambie ukweli juu ya palizi. Ni afadhali akasirike leo kuliko kukasirika Januari.

Kila kazi iwe na mfuko wake. Ndani ya mfuko weka uzi wake wote, sindano zake, na kadi. Kata kadi kutoka kwenye boksi la karatasi ngumu. Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapokusaidia. Andika hivi:

Sweta la: mtoto wa darasa la pili
Kifua cha mtoto: sentimita 66
Upana wa sweta kuzunguka: sentimita 74
Sindano: namba 8; mapindo namba 10
Vitanzi vya mgongo: 82
Mistari mpaka kwapani: 66
Nimeishia: mstari wa 40

Ukiiacha kazi hiyo wiki tatu kwa sababu ya palizi, kadi itakukumbusha. Bila kadi utahesabu upya, na kwa kawaida utakosea.

Juu ya sindano, angalia sana. Ziko sindano zenye namba za zamani za Kiingereza, na ziko zenye milimita. Katika namba za zamani, namba ikiwa kubwa sindano ni nyembamba. Namba 7 ni milimita nne na nusu. Namba 8 ni milimita nne. Namba 10 ni milimita tatu na robo. Tofauti ya nusu milimita ni ndogo machoni, lakini ndiyo iliyourefusha mkono wa mama mkwe wangu. Kama ni lazima uchomoe sindano, andika namba yake kwenye kadi kabla hujaichomoa.

Na uzi ununue wote kwa siku moja. Kwenye karatasi ya donge kuna namba ya rangi na namba ya mchovyo. Madonge yenye namba ya mchovyo mmoja yalitiwa rangi pamoja. Madonge ya michovyo miwili yanaweza kufanana dukani, lakini ukiyafuma, mgongo utaonekana kama umeungwa kiraka.

KUMALIZIA

Kumalizia huanza ungali unafuma. Donge likiisha, usiunge uzi katikati ya kifua. Ungia pembeni, mwanzo wa mstari. Usifunge fundo kubwa. Acha mkia wa uzi wa sentimita 15 kila upande. Baadaye utauficha ndani ya mshono kwa sindano, kwenda na kurudi. Mkia ukikatwa mfupi hutoka siku ya kwanza ya kufua.

Kabla ya kushona, hesabu mistari ya mgongo na ya kifua. Ilingane. Kisha tandika vipande viwili kando kwa kando juu ya mkeka, uso wa nje ukikutazama. Chukua sindano butu yenye tundu kubwa. Tazama kati ya kitanzi cha kwanza na cha pili. Utaona nyuzi ndogo zimelala kama vipago vya ngazi. Pitisha sindano chini ya kipago cha upande huu, kisha chini ya kipago cha upande wa pili. Ukifika vipago vitano au sita, vuta uzi taratibu. Mshono utajificha wenyewe. Anzia pindo la chini, ili mapindo yalingane. Tofauti ikibaki, iishie kwapani, ambapo haitaonekana sana.

Mkono wa sweta ukunje katikati. Ile katikati iwekwe kwenye mshono wa bega, uishikize kwa pini. Shona kutoka begani kushuka upande mmoja, kisha upande wa pili. Ukianzia kwapani na kuzunguka, mkono utapinda.

Shingo ndiyo huharibu masweta mengi. Tunaogopa italegea, kwa hiyo tunakaza uzi tunapofunga vitanzi. Kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja tu kina mzunguko wa sentimita 45 au 46 hivi, na cha mtoto wa shule ni kikubwa zaidi. Mpime kwa futi ya fundi cherehani. Kama pindo la shingo umelifuma kwa namba 10, vitanzi vya mwisho vifunge kwa namba 8, mkono ukiwa mlegevu. Kabla hujakata uzi, livute pindo kwa mikono miwili mpaka litakapokoma. Likipita kipimo cha kichwa kwa sentimita mbili au tatu, kata. Lisipopita, fumua mstari mmoja huo tu, ufunge tena. Ni kazi ya dakika chache. Ukishakata na kushona, itakuwa kazi ya nusu siku.

Sasa juu ya pasi. Nyuzi nyingi za madukani siku hizi si manyoya ya kondoo, ni akriliki. Ukitaka kujua, choma kipande kidogo cha uzi. Manyoya ya kondoo hunuka kama nywele zinazoungua, na majivu yake huvunjika vidoleni. Akriliki huyeyuka, ikaacha punje ngumu. Subiri punje ipoe kabla ya kuigusa. Akriliki usiipige pasi ya moto. Na sweta la manyoya ya kondoo usilifue kwa maji ya moto, litasinyaa. Kwa yote mawili fanya hivi: lilowanishe kidogo, litandike kivulini juu ya mkeka safi, linyooshe kwa vipimo vya kadi yako, uliache likauke. Usilianike kwenye kamba likiwa limelowa. Uzito wa maji utalivuta.

Kama sweta lina vifungo, vivute kwa nguvu baada ya kuvishona, hasa la mtoto mchanga. Kifungo kilichong'oka huingia mdomoni.

Sweta la mama mkwe wangu bado lipo. Pindo halivutiki, na mkono wa pili anaukunja mara moja anapolivaa. Mwaka jana nilimwomba anipe niufumue ule mkono, niufume upya kwa sindano namba 8. Alikataa. Alisema nikilichukua sasa, atalingoja mpaka Julai nyingine.