Mlango wa Saba

Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, na ni Julai 2023 ndipo Rais Ruto alipotangaza kuiondoa marufuku hiyo. Baada ya hapo, fundi wa Londiani hahitaji kukumbushwa thamani ya mbao, ingawa mji wake umezungukwa na misitu ya saipresi na paini. Ndiyo maana hoja ya kubana matumizi inapendwa: bodi ni ya futi 8 kwa 4, ipange utakavyo mradi vipande vitoke vingi. Chukua milango ya kabati yenye kimo cha sentimita 65 na upana wa 55. Nyuzi za mbao zikisimama wima kwa milango yote, inatoka 6. Minne ikilazwa na mitatu ikasimamishwa, inatoka 7. Mlango huo wa saba ndio ninaoupinga.

Wanaoutetea husema mteja hataona. Ataona, tena mara vanishi itakapokauka, kwa sababu vinia iliyogeuzwa hurudisha mwanga kivingine, na milango ya bodi moja ikaonekana kama ya miti miwili. Lakini sura ndiyo hasara ndogo. Kiini cha blokibodi ni vipande vya mbao vilivyolazwa sambamba, kwa kawaida kufuata urefu wa futi 8. Rafu ikikatwa vipande hivyo vikatoka mbele kwenda nyuma, badala ya ubavu hadi ubavu, mzigo unabaki kwa vinia nyembamba na gundi. Pakia masufuria na unga, itabonyea, na bodi nyingine itanunuliwa. Kwa MDF ya kupakwa rangi sina ugomvi, maana haina nyuzi. Plaiwudi nene ya matabaka mengi nayo haidhoofiki sana ikigeuzwa, ila sura yake inabadilika vilevile.

Isitoshe, hesabu ya mlango wa saba huficha masalio. Bodi iliyotoa milango 6 huacha kipande cha karibu sentimita 48 kwa 110, nacho kinatoa nyuso 6 za droo za upana wa 55 na kimo cha 15, nyuzi zikiwa wima kama za milango. Kinachotakiwa ni kuchora mpango kwanza na kutia mshale wa chaki kwenye kila kipande kabla msumeno haujagusa bodi. Mteja anayelinganisha makadirio ya mafundi wawili kwa idadi ya bodi pekee aombe kuiona michoro yao, atazame mishale imeelekea wapi.